Supahiro mpya ajifunze breki kwanza, kujiamini baadaye

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu sirizi za masupahiro lawama ni ile ile, kwamba haya mambo hayawezekani, hamna mtu anaweza kukimbia kuliko sauti, hamna mdada anaweza kubeba ndege mgongoni, waandishi wanatudanganya. Hiyo lawama mimi siikubali hata kidogo. Ukikaa kuangalia The Flash umeshakubali toka dakika za mwanzo kwamba kuna kijana anaitwa Barry Allen kapigwa na radi, kalala miezi tisa hajitambui, kaamka ana spidi ambayo binadamu hana. Umekubali mwenyewe, hukushikiwa fimbo. Lawama yangu iko sehemu nyingine kabisa na naona ni nzito zaidi: hizi sirizi zinatuletea shujaa mgeni, mtu ambaye jana alikuwa hana pawa na leo anazo, halafu badala ya kutuonyesha anavyojifunza mwili wake mpya zinatuambia tatizo lake ni moja tu, hajiamini. Akishajiamini kila kitu kinakubali. Na hapo ndipo fizikia inapotupwa, na ikishatupwa hadithi nayo inakufa.

Tuanze na ngumi moja nayoipenda sana. The Flash ilianza Oktoba 2014, na kwenye episodi ya sita ya sizoni ya kwanza Barry anakutana na Tony Woodward, jamaa aliyekuwa anamuonea shuleni ambaye sasa mwili wake unageuka chuma. Mara ya kwanza Barry anapigwa mpaka anavunjika mifupa. Anarudi STAR Labs, maabara ya timu yake, kina Cisco fundi wao wanapiga hesabu, wanamwambia ili umuangushe huyu inabidi umpige ukiwa kwenye Mach 1.1, yaani mara 1.1 ya spidi ya sauti, na ili ufike hiyo spidi uanzie umbali wa maili 5.3. Sasa hapo watu wengi wanapita tu, ila hebu kaa na hizo namba kidogo. Mach 1.1 ni kama kilomita 1,347 kwa saa, yaani mita 374 kila sekunde. Maili 5.3 ni kilomita nane na nusu. Mtu anapokimbia anayemsukuma mbele ni ardhi, mguu unaisukuma ardhi nyuma na ardhi inamrudishia, na kinachozuia mguu usiteleze ni msuguano. Kiatu kizuri kwenye lami kavu kinakupa msukumo unaokaribia uzito wako mwenyewe, hauzidi sana hapo, kwahiyo kila sekunde inayopita unaongeza kama mita 9.8 kwa sekunde kwenye spidi yako. Ukipiga hesabu kwa namna hiyo, ukaiweka hewa pembeni kwanza, unahitaji sekunde 38 na umbali wa kilomita saba na kidogo ili ufike mita 374 kwa sekunde. Kilomita saba! Na sirizi imempa nane na nusu. Sijui kama waandishi walikaa na kalkuleta ama walibahatisha, lakini ile namba imekaa panapotakiwa, na ndio maana ile scene ina uzito, unamuona kijana anaenda mbaaali kabisa anageuka na unajua kwanini kaenda mbali. Halafu nguvu iliyopo kwenye mwili wa kilo 75 kwa ile spidi ni kama jouli milioni 5.2, ambayo ni nguvu ya loli la tani 30 linalokwenda kilomita 67 kwa saa, yote inapita kwenye ngumi moja. Hapo Barry hakushinda kwa sababu alijiamini, alishinda kwa sababu kuna mtu alipima, na yeye alipigwa kwanza ndipo akajua kwamba ngumi ya karibu haitoshi.

Sasa weka na hewa. Mtu anayeruka kutoka kwenye ndege kabla hajafungua parashuti anafika kama kilomita 200 kwa saa anaacha kuongeza spidi, kwa sababu hewa inamsukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wake. Mkimbiaji ambaye msukumo wake wote unatoka kwenye msuguano wa viatu ana ukomo huo huo, akifika kilomita 200 hivi kwa saa hewa inamwambia basi, haijalishi misuli yake ni ya nini, viatu vitateleza tu. Kona ndo balaa zaidi. Kwa spidi ya kilomita 100 kwa saa mtu mwenye msuguano wa kawaida anahitaji duara lenye nusu kipenyo cha mita 80 hivi ili akate kona bila kuteleza, ila kwa Mach 1.1 duara lile lile linakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 14. Na jamaa anakata kona za mitaa ya mji wake wa Central City usiku na mchana, anapanda maghorofa, anapita juu ya maji.

Sirizi ina jibu lake, inaitwa Speed Force, kitu ambacho kwenye komiki kilianza kutajwa miaka ya 1990 na kazi yake ni kubeba haya yote, msuguano, hewa, joto, na usalama wa mtu anayebebwa. Mimi nalikubali hilo jibu bila shida. Hadithi ya namna hii inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa, mradi ukishasemwa ubaki pale pale. Speed Force inamlinda Barry na hewa? Sawa, basi imlinde kila siku. Inamlinda hata Iris, mpenzi wake, akimbeba? Sawa, basi imlinde kila siku. Nachokataa ni ule uongo unaobadilika kila wiki kutokana na nani anatakiwa kuumia wiki hiyo.

Na hili la kubeba watu nataka nilikalie kwa sababu ndo sehemu ambayo ugeni wa shujaa ungeweza kutupa hadithi tamu kuliko zote, na karibu kila sirizi inalipita. Tarehe 10 Disemba 1954 kule Holloman, New Mexico, luteni kanali mmoja wa jeshi la anga la Marekani anaitwa John Stapp alifungwa kwenye kiti cha roketi kwenye reli, kikakimbia mpaka kilomita 1,017 kwa saa kikasimama ndani ya sekunde 1.4. Mwili wake ulipata mkandamizo wa mara 46.2 ya uzito wake. Alitoka hai, ila mishipa ya macho ilipasuka na kwa muda hakuona. Huyo alikuwa amefungwa mikanda kila sehemu, amejiandaa, na alikuwa ameshafanya majaribio mengine kabla ya hilo. Sasa mchukue mtu aliyesimama zake barabarani, mtoe kwenye sifuri umpeleke mita 300 kwa sekunde ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni mara 300 na kitu. Kila aliyewahi kusimama kwenye daladala dereva akafunga breki za ghafla ameshaonjeshwa sehemu ndogo sana ya hiyo kitu, kwamba gari limesimama ila mwili bado unaendelea na safari.

Kudaka mtu anayeanguka ni hivyo hivyo. Mtu akianguka kwa sekunde tatu tu ameshashuka mita 44, jengo la ghorofa kumi na nne hivi, na yuko kwenye kilomita 106 kwa saa. Supahiro anakuja chini yake ananyoosha mikono ya chuma anamdaka, mikono inashuka labda sentimita 30. Mkandamizo wake unakaribia mara 150. Kwa huyo mtu hakuna tofauti yoyote kati ya hiyo mikono na lami, amekufa mikononi badala ya kufa chini, basi. Njia ya kumuokoa ipo na haina uchawi: ukishuka naye kwanza kwa spidi ile ile, ukamshika mkiwa mnaenda sawa, halafu ukapunguza taratibu ndani ya mita 15 hivi, anapata mara tatu tu ya kupunguza spidi, anashuka ana kizunguzungu lakini mzima. Mita 15! Sekunde moja! Tofauti ya kuua na kuokoa iko kwenye sekunde moja ya ujuzi. Komiki zililijua hili toka Juni 1973, kwenye toleo namba 121 la The Amazing Spider-Man, utando ulimdaka Gwen Stacy akiwa anaanguka darajani na shingo yake ikavunjika, na mwanafizikia James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota amelitumia tukio hilo hilo kufundishia fizikia. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado kwenye TV mgeni wa juzi anadaka mtu wa ghorofani kwa mikono miwili na wote wanatabasamu.

Fikiria episodi nzima ya mtu mwenye pawa anayejifunza kudaka. Anaanza na magunia ya mchanga. Anapasua la kwanza, la pili, anarudia. Siku mtu wa kweli anapoanguka sisi watazamaji tayari tunajua nini kinatakiwa na tunahesabu mita pamoja naye. Hiyo tension haihitaji jambazi hata mmoja.

Badala yake tunapewa hotuba. Episodi ya kwanza ya The Flash, Clyde Mardon, jambazi mwenye pawa ya kutawala hali ya hewa, anaunda kimbunga shambani, Barry anajaribu kukizunguka upande wa pili ili akivunje, anashindwa anatupwa chini, Dokta Wells, mkuu wa STAR Labs, anaingia kwenye kifaa cha sikioni anamwambia unaweza, kimbia Barry kimbia, anainuka anakimbia kimbunga kinaisha. Nakubali kwamba ile scene inasisimua, muziki uko sawa, Grant Gustin kaigiza vizuri mno. Lakini angalia kilichobadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili. Hamna. Hakukata duara tofauti, hakubadilisha umbali, hakujua kitu ambacho dakika moja nyuma alikuwa hakijui. Kimbunga chenye upana wa mita 200 na kimo cha mita 500 tu kina hewa ya karibu tani 19,000 inayozunguka, na mwili wa kilo 75 umekisimamisha kwa sababu umeambiwa maneno mazuri. Na kwa vile hiyo ndo episodi ya kwanza, ndo ikawa mfumo. Sizoni ya pili adui ni Zoom, ana spidi kuliko yeye, kimbia zaidi. Sizoni ya tatu adui ni Savitar, ana spidi kuliko yeye, kimbia zaidi. Kijana aliyesoma sayansi, anayefanya kazi maabara ya polisi, kila akikwama anasubiri mtu wa kumpa moyo.

Na kinachouma ni kwamba hao hao waandishi walijua kufanya vizuri. Episodi ya pili tu, Barry anaanza kuzimia hovyo, kumbe sukari imeshuka, mwili unachoma chakula haraka kuliko anavyokula, Cisco anampigia hesabu ya taco 850, ile chapati ya Kimeksiko iliyokunjwa na nyama ndani. Ukitaka kuona kwamba hilo lina akili, ile spidi ya kumpiga Woodward peke yake ni kama kilokalori 1,250 za mwendo, na misuli ya binadamu inapoteza sehemu kubwa ya chakula kama joto, robo tu hivi ndo inakuwa kazi, kwahiyo kuongeza spidi mara moja tu kunakula kama kilokalori 5,000, chakula cha mtu mzima cha siku mbili, na hapo hewa hujaihesabu. Ugeni wa Barry hapo uko kwenye tumbo lake. Hakujua mwili wake unakula kiasi gani, akaanguka, akajua. Safi kabisa! Halafu episodi ya nane Oliver Queen, yule mpiga mishale wa sirizi ya Arrow, anamuita kumfundisha, anamwambia anza kwa kuangalia mazingira kabla ya kuingia, Barry anajidai anajua, na mishale miwili iliyotegwa inamchoma mgongoni. Ile ni dakika chache tu ila ina somo kuliko hotuba zote za Wells, kwa sababu Oliver hana pawa yoyote, ana mazoezi tu, na anamuonyesha mwenye pawa kwamba spidi haikuonyeshi kilichopo nyuma yako.

Supergirl nao kuna sehemu walipatia mno, na sioni ikisifiwa inavyostahili. Ilianza Oktoba 2015, na kwenye episodi ya kwanza Kara Danvers, ndo Supergirl mwenyewe, anaokoa ndege aliyopanda dada yake Alex, anaibeba, anaishusha kwenye maji, mji mzima unashangilia. Episodi ya pili anaambiwa kuna moto bandarini na meli ya mafuta iko karibu, anaenda kwa moyo ule ule na nguvu zile zile, anaisogeza meli, bodi la meli linachanika, mafuta yanamwagika baharini. Sasa huyo ndo mgeni. Moyo wake mzuri, nguvu anazo, kujiamini kumejaa mpaka kumepitiliza, kinachokosekana ni kujua kwamba bati la meli halijatengenezwa ili lisukumwe sehemu moja na viganja viwili. Baada ya hapo Kara anaanza upya na mambo madogo, mpaka kumtoa nyoka wa mtoto kwenye mti. Mimi ningekaa hapo hata episodi sita. Wao walikaa nusu, wakaendelea na wageni kutoka anga za mbali.

Na ukitaka kujua ile ndege ya episodi ya kwanza ingekuwaje kiukweli, ipo sirizi nyingine iliyolijibu swali hilo. The Boys ilitoka 2019, na kwenye episodi ya nne masupahiro wawili, Homelander na Maeve, wako ndani ya ndege iliyotekwa, Homelander kaharibu vifaa vya rubani mwenyewe kwa macho yake, ndege inaanguka, Maeve anamwambia ibebe. Anamjibu kwamba hana pa kusimama, angani hakuna kitu cha kukanyaga, akiigonga kwa spidi atatoboa ama ataipindua. Hesabu iko upande wake. Ndege ya tani 150 ikikaa juu ya viganja viwili ni kama kilo 500 kwenye kila sentimita moja ya mraba, na ngozi ya ndege ni aluminiamu yenye unene wa milimita chache. Lakini angalia nani anayesema hiyo fizikia. Mtu mkatili kuliko wote kwenye sirizi, anayeitumia ili kuwaacha abiria wafe, wakati kulikuwa na vitu vidogo vya kujaribu, angalau watoto wawili watatu. Fizikia imegeuzwa kuwa kioo cha roho yake. Yule anajua sheria zote na hajali, Kara anajali na hajui sheria hata moja, na kati ya hao wawili mimi natamani kumfuatilia Kara mpaka ajue.

The Boys hao hao walianza na A-Train, supahiro wao wa spidi, akimpitia Robin, mpenzi wa Hughie, pale barabarani, Hughie anabaki kashika mikono tu. Sio kitu cha kuangalia na watoto, nasema mapema. Lakini ndo sirizi iliyothubutu kusema kwamba mwili unaokwenda kwa ile spidi ni silaha hata kama mwenye mwili hakukusudia. Invincible ya 2021 walisema kitu hicho hicho kwa uchungu zaidi. Mark Grayson kasubiri pawa utoto wake wote, zinakuja akiwa kazini anatupa mfuko wa taka, mfuko unapaa hauonekani. Mwanzoni anajifunza kutua kwa kujibamiza, na baba yake Omni-Man anamfundisha kwa kumpiga. Mpaka episodi ya nane, baba anamshika katikati ya njia ya treni ya chini ya ardhi na treni inakuja na watu ndani. Mark haumii sana. Treni ndo inachanika juu ya mwili wake, na abiria wote nao. Sheria ya kitendo na mjibizo wake tuliyosoma darasani iko pale uchi, ukiwa mgumu kuliko dunia inayokuzunguka basi kila kinachokugusa kinavunjika, na kijana mwenye roho nzuri kabisa anatambua kwamba ugumu wake peke yake unatosha kuua. Hamna hotuba ya kujiamini inayoweza kumsaidia mtu aliyeona vile.

Kwanini TV ya kawaida inaogopa kwenda huko? Sababu ziko wazi tu. Sizoni ya kwanza ya The Flash ina episodi 23, kila wiki lazima atokee jambazi mpya na lazima aangushwe kabla ya dakika ya arobaini na kitu, na kila sekunde ya spidi inayoonekana kwenye skrini inahitaji kulipa watu wa efekti za kompyuta. Hotuba haina gharama, waigizaji wawili wanasimama koridoni ya STAR Labs wanaangaliana machoni. Na sisi huku tumezoea toka vibanda umiza kwamba steringi hafi, kwahiyo hata waandishi wakikosea tunasubiri tu muda wake wa kuamka ufike. Smallville angalau walikuwa na uvumilivu, ilianza 2001 ikaisha 2011, sizoni kumi, na Clark, yaani Superman akiwa bado kijana, alikuwa anapata pawa moja moja kama mtoto anavyoota meno, mara macho yanaona ndani ya ukuta, mara yanatoa moto bila ridhaa yake na inabidi ajifunze kuyatawala, na kupaa angani akiwa yeye mwenyewe na akili zake kukasubiri mpaka episodi ya mwisho. Wengi walilalamika kwamba inachelewa. Kwangu kule kuchelewa ndo kulikuwa utamu.

Kwa watoto wetu kuna Super Sema, katuni ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa YouTube mwezi Machi 2021, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wazalishaji wakuu. Sema na pacha wake MB wanailinda sehemu yao inayoitwa Dunia dhidi ya roboti katili Tobor, na silaha yao ni ubunifu, sayansi na teknolojia. Ni ya watoto wadogo, ina nyimbo, ina rangi, usitegemee machozi ya Invincible. Lakini mtoto wa miaka sita anayeiangalia anaona mtoto mwenzake anatatua shida kwa kutengeneza kitu, na hilo naliheshimu kuliko vimbunga vyote vinavyoisha kwa maneno matamu.

Turudi kwa Barry kidogo kwa sababu kuna jambo linanikera toka zamani, bunduki ya baridi ya Leonard Snart. Episodi ya nne ya sizoni ya kwanza, Snart ni mwizi wa kawaida, hana pawa, ana bunduki iliyoibwa STAR Labs inayoshusha joto kuelekea nyuzi 273 chini ya sifuri. Pale mwanzoni nakubali kabisa Barry apigwe nayo, ni mgeni, hajawahi kuona kitu kama hicho, hajui umbali wake wala upana wake, na anachagua kuwaokoa abiria wa treni inayopinduka badala ya kumfuata mwizi. Vizuri. Lakini sizoni zinapita, jamaa ameshapigana na wasafiri wa muda na wanaojiita miungu wa spidi, na bado mtu wa kawaida anainua mkono, analenga, anabonyeza, na Barry yupo tu amesimama anaongea. Kwa mtu anayeona risasi ikitembea, mkono wa binadamu unaoinuka ni sanamu. Hapo ugeni hauwezi tena kuwa kisingizio, hapo mwandishi amemzima pawa kwa swichi kwa sababu anahitaji dakika nyingine kumi za episodi.

Na kwamba wanaweza kufanya kinyume chake walituthibitishia wenyewe Machi 2018, kwenye episodi ya 15 ya sizoni ya nne. Bomu la nyuklia linalipuka katikati ya mji. Limeshalipuka, sio linataka kulipuka, na Barry anaingia kwenye ile spidi yake ambapo dunia yote imesimama na wingu la moto limesimama nalo. Kifizikia ile episodi imevunja kila kitu kinachovunjika, mlipuko wa namna ile moyo wake unamalizika ndani ya kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa muda huo mwanga wenyewe unatembea mita 300 tu, halafu wao wanatembea mitaani, wanaenda maabara, wanabishana, wanarudi. Sijali kabisa! Kwa sababu sheria imesemwa mwanzoni na imebaki pale pale dakika zote: kukaa ndani ya ile spidi kunachosha, anayeingizwa bila kuwa na pawa anachoka haraka sana, wenye pawa nao wanachoka, mmoja baada ya mwingine wanaganda. Jay Garrick, mkimbiaji mzee mwenye uzoefu, anaganda. Jesse, mkimbiaji mwingine, anaganda. Barry anabaki na miguu inayotetemeka na hamna pa kukimbilia, hamna hata mtu wa kumpigia simu amwambie unaweza, maana dunia yote imesimama. Anaenda kukaa karibu na mke wake, anamgusa ili amuingize kwenye ule muda wapate kuagana. Na Iris, ambaye hana spidi yoyote na ana sekunde chache tu za kufikiri kabla hajachoka, anauliza maswali, anakumbuka lile tufe walilolitumia kuihadaa Speed Force, na anatoa wazo. Barry anaenda kulifanyia kazi akiwa hoi, mwenye uzoefu sasa, anayejua kabisa mwili wake umebakiza nini.